Kikulacho ki nguoni mwako: kuhusu neno "bug"

Leo sina habari za programu mpya wala simu mpya. Nataka tuzungumzie neno moja tu la Kiingereza, neno la herufi tatu ambalo sisi tunaoandika programu tunalitamka labda mara ishirini kwa siku: "bug". Nina deni linalohusiana na neno hili. Mkinivumilia mpaka mwisho mtaelewa ni deni gani.

Nianze na kisa. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa bado mchanga katika kazi hii, niliandika programu ya mauzo kwa ajili ya duka moja la jumla. Mbele kulikuwa na mashine tatu za keshia, na nyuma, ofisini, kompyuta moja iliyotunza kumbukumbu zote. Siku moja nilisimama mbele ya mwenye duka nikamwambia, "Mzee, nimeona shida ilipo. Kulikuwa na bug kwenye programu." Hakuelewa. Nikajaribu Kiswahili: "Yaani, kulikuwa na mdudu." Mzee akainama akachungulia nyuma ya mashine, akaniuliza kama ni mende au mchwa, maana dawa ya mende alikuwa amenyunyiza juzi tu.

Mimi nilicheka. Keshia aliyesimama kando yetu hakucheka. Nitarudi kwake baadaye.

Kwanza neno lenyewe. Katika Kiingereza cha kila siku "bug" ni mdudu yeyote mdogo. Wataalamu wa wadudu wana maana finyu zaidi: kwao ni lile kundi la wadudu wenye mdomo wa kuchoma na kufyonza, kama kunguni. Hiyo ndiyo maana ya wazi. Halafu zinafuata maana za kufumbwa. Kijidudu kinacholeta mafua au kuharisha ni "bug". Kinasa sauti kidogo kinachofichwa ukutani ili kusikiliza maneno ya watu ni "bug". Kumsumbua mtu, kumletea kero kama mbu sikioni, ni kitendo cha neno hilohilo. Aliyeshikwa na hamu ya kusafiri husemwa ameumwa na "bug" wa safari. Na programu inapofanya isichopaswa kufanya, tunasema ina "bug".

Ukizitazama maana hizi pamoja utaona zinafanana. Karibu katika zote kuna kitu kidogo, kisichoonekana kwa urahisi, kilichoingia mahali bila kualikwa. Shikilia hilo la kuingia bila kualikwa. Ndilo litakalotusumbua.

Kuna maana nyingine iliyo ya kale zaidi. Katika Kiingereza cha zamani neno hili lilikuwa jina la kitu cha kutisha, kama zimwi la kuwatishia watoto usiku. Biblia iliyotafsiriwa na Coverdale mwaka 1535 ililitumia katika Zaburi ya 91, pale panapotajwa vitisho vya usiku, na baadaye watu wakaipa Biblia hiyo jina la utani kwa sababu ya neno hilo. Maana ya mdudu ilikuja kuenea katika karne ya 17. Kwa hiyo mtu anaposema programu yake ina "bug", bila kujua anataja mdudu na zimwi kwa pumzi moja. Aliyewahi kutafuta kosa saa nane za usiku atakubali kwamba zimwi nalo limo.

Sasa twende kwenye kompyuta. Wengi wetu tulisikia kwamba neno hili lilizaliwa tarehe 9 Septemba 1947 katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Siku hiyo, saa tisa na dakika arobaini na tano alasiri, waliokuwa wakiendesha kompyuta iitwayo Mark II walikuta nondo amebanwa ndani ya rilei nambari 70. Rilei ni swichi inayojifunga na kujifungua kwa nguvu ya umeme, na kompyuta za wakati ule zilifanya kazi kwa maelfu ya swichi kama hizo. Nondo akikaa katikati, swichi haifungi sawasawa. Wakamtoa, wakambandika kwa selotepu kwenye daftari la kazi, wakaandika kwamba hii ni mara ya kwanza "bug" wa kweli kupatikana. Grace Hopper, mwanahisabati na afisa wa jeshi la majini la Marekani, alipenda sana kusimulia kisa hiki. Daftari lenyewe, pamoja na nondo wake, limehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian.

Ni kisa kizuri, lakini hebu tazama hayo maneno "wa kweli". Utani ule usingemchekesha mtu kama neno halikuwa likitumika tayari. Na lilikuwa likitumika. Thomas Edison, yule mvumbuzi wa Marekani, alilitumia katika barua ya mwaka 1878, miaka 69 kabla ya nondo huyo, akieleza zile kasoro ndogondogo zinazojitokeza baada ya wazo zuri kupatikana, ambazo humtaka mvumbuzi avumilie miezi mingi kabla ya kufaulu. Kwa hiyo fumbo lilitangulia. Nondo alikuja baadaye akalifanya fumbo liwe kweli kwa alasiri moja.

Na kuna jambo kuhusu nondo yule ambalo ni rahisi kulipita bila kulitazama. Yeye aliingia mwenyewe kutoka nje. Hakuna mtu wa Harvard aliyemweka ndani ya rilei. Makosa mengi mno yaliyofuata, yale tunayoyaita kwa jina lake, hayakuingia hivyo. Tuliyaandika sisi kwa vidole vyetu, herufi kwa herufi.

Kiswahili nacho kina wadudu wake wa mafumbo. Ukivimba kidole kwa usaha wa ndani, wazee husema una mdudu. Kulikuwa na miaka ambapo watu walisema "mdudu" kwa sababu waliogopa kutaja ukimwi kwa jina. Tunao kupe, yaani mtu anayeishi kwa jasho la mwenzake. Tunao chawa, na siku hizi jina hilo limeshika sana, yule anayemsifu tajiri au mwanasiasa ili na yeye apate chochote. Lakini ukimwita mtu kupe au chawa umemnyoshea kidole. Kila mtu anajua unayemsema. "Bug" wa kompyuta hufanya kazi tofauti kabisa. Ukimtaja, kidole kinaondoka kwa mtu na kuelekezwa kwenye kitu ambacho hakipo.

Turudi dukani.

Programu yangu ilifanya hivi. Keshia alipomaliza kumhudumia mteja, mashine yake ilituma mauzo kwenye kompyuta ya ofisini, kisha ikangoja jibu la kwamba yamepokelewa. Jibu likija, risiti inatoka. Jibu lisipokuja kwa sekunde chache, mashine inatuma tena. Nilijiona mjanja kwa hilo la kutuma tena. Sikutaka mauzo hata moja yapotee.

Nisichokifikiria ni kwamba jibu linaweza kukosa kufika kwa sababu mbili. Huenda mauzo hayakufika ofisini kabisa. Au yalifika, yakaandikwa, ila jibu ndilo lililopotea njiani. Ni kama umemtumia mtu pesa kwa simu na ujumbe wa kuthibitisha haujaja. Mtu mwangalifu huangalia salio kwanza. Programu yangu haikuwa na uangalifu huo. Ilituma tena, na kompyuta ya ofisini, ambayo ni mtiifu na haina akili, ikaandika mauzo yaleyale mara ya pili.

Matokeo yake yalionekana jioni wakati wa kufunga hesabu. Kompyuta inasema kwenye droo panatakiwa kuwa na kiasi fulani, na droo ina pungufu. Sheria ya duka ilikuwa moja: pesa zikipungua, keshia anakatwa mshahara. Mashine ya tatu ndiyo iliyoathirika, kwa sababu ilikuwa karibu na mlango na waya wake wa mtandao ulipita sakafuni, mikokoteni ya mizigo ikiupanda kutwa. Keshia wa mashine hiyo alikatwa shilingi 620. Kisha 1,450. Kisha 2,300. Baada ya hapo mzee akaanza kumuuliza pesa hizo anagawana na nani.

Nilipofika kwa kazi nyingine, dada yule alinifuata akaniambia kwa upole, "Fundi, hii mashine inanihesabia mara mbili." Nakumbuka vizuri nilivyomjibu. Nilimwambia, "Dada, kompyuta haijui kuiba."

Hakubishana na mimi. Alinunua daftari la shule. Kila kioo kilipoganda kidogo kabla ya risiti kutoka, aliandika saa, nambari ya risiti iliyotangulia, na nambari ya risiti iliyotoka. Baada ya wiki mbili akanipa daftari hilo. Kulikuwa na mstari mmoja aliokuwa ameupigia duara: risiti ya 2215, kioo kimeganda, risiti ya 2217. Akaniuliza, "Risiti ya 2216 iko wapi?"

Nilikwenda ofisini nikaitafuta. Ilikuwepo ndani ya kompyuta. Sukari, mafuta ya kupikia, kipande cha sabuni. Bidhaa zilezile za risiti ya 2217, bei ileile, tofauti ya sekunde chache tu. Nikatafuta mstari wa pili wa daftari, na wa tatu. Si kila mara kioo kilipoganda nambari iliruka, lakini kila jioni aliyokatwa pesa, nambari ilikuwa imeruka mchana wake. Mwenye diploma nilikuwa mimi. Aliyetafuta kosa kwa njia inayostahili, kwa kuandika alichokiona bila kubahatisha, alikuwa yeye, na kalamu ya shilingi kumi.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa mzee na kusema yale maneno: "Kulikuwa na bug." Sikiliza sentensi hiyo. Kulikuwa. Nani alifanya? Hakuna. Kilikuwepo tu, kama umande. Mzee akacheka, mimi nikacheka, dada akatuangalia, kisha akauliza, "Sasa huyo mdudu aliingia vipi?"

Nikamjibu, "Hutokea."

Marekebisho yalinichukua nusu siku. Kila mauzo yakapewa alama yake ya pekee pale pale kwenye mashine ya mbele, kabla ya kutumwa. Yakitumwa tena, yanakwenda na alama ileile, na kompyuta ya ofisini ikiona alama inayoijua tayari inajibu "nimepokea" bila kuandika upya. Mzee alimrudishia dada shilingi zake 4,370. Baada ya miezi michache dada aliacha kazi, na sijui alikwenda wapi.

Muda mrefu baadaye nilisoma insha ya Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyekuwa mmoja wa mabingwa wakubwa wa fani yetu. Mwaka 1988 aliandika kwamba tuanze kusafisha lugha yetu kwa kuacha kusema "bug" na kuliita kosa kosa. Hoja yake ni kwamba neno kosa linaweka lawama panapostahili, yaani kwa mwandishi wa programu, ilhali fumbo la mdudu aliyejipenyeza wakati mwandishi ameangalia kando si la ukweli, kwa kuwa linaficha kwamba kosa ni kazi ya mwandishi mwenyewe. Nilipoisoma niliona aibu, kwa sababu nilijua vizuri ni nani aliyelipia pesa fumbo langu.

Kama unadhani ninakuza jambo dogo, tazama yaliyotokea Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 Posta ya nchi hiyo ilianza kutumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon katika matawi yake, na mengi ya matawi hayo yaliendeshwa na watu binafsi katika maduka yao madogo. Mfumo ukasema pesa zimepungua. Mikataba iliwataka wenye matawi wafidie, na wengi walifidia kwa akiba zao. Wengine walishtakiwa kwa wizi na udanganyifu. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, baadhi wakafungwa jela. Kosa mojawapo lililokuja kujulikana, la tawi la Dalmellington huko Scotland mwaka 2015, lilinifanya niache kusoma kwa muda. Skrini iliganda wakati wa kuhamisha pauni 8,000, kitufe kikabonyezwa tena na tena, na kila mbonyezo ukaandikwa kama uhamisho mpya, mpaka pakatokea tofauti ya pauni 24,000. Kioo kinaganda, hesabu inarudiwa, na mtu wa mbele ndiye anayeulizwa pesa ziko wapi. Nilikijua kisa hicho kabla ya kukisoma.

Mwaka 2019 mahakama iliamua kesi ya walalamikaji 555 na kukubali kwamba mfumo ulikuwa na makosa yaliyoweza kuharibu hesabu za matawi. Mwaka 2024 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kufuta hukumu za mamia ya watu kwa pamoja. Wengine walikuwa wameshakufa.

Katika uchunguzi wa umma uliofanywa baadaye lilitoka jambo linalohusu neno letu. Mwaka 2013 mkuu wa Posta hiyo, Paula Vennells, alimwandikia mume wake akitaka neno la kutumia badala ya "bug", neno ambalo halitawashtua watu. Mume akapendekeza maneno mawili makavu zaidi, yenye maana ya jambo lisilo la kawaida. Kwa hiyo hata "bug", ambalo mimi ninalilaumu kwa kuficha mtu, lilionekana kusema mengi mno. Ukishaanza kukimbia neno kosa, hakuna mahali pa kusimama. Utatoka kwa mdudu, uende kwa kasoro, uende kwa jambo lisilo la kawaida, na kila hatua mtu aliyeumia anazidi kuwa mbali.

Msidhani sisi Waswahili tumepona. Tazama vioo vya simu zetu: "Hitilafu imetokea." Imetokea yenyewe, kama mvua. Ni sentensi ileile niliyomwambia mzee, imevaa kanzu tu.

Lakini Kiswahili kina neno linalosema ukweli, na linauma. Neno kosa lina kitendo chake, kukosa, na kitendo hicho kina maana mbili. Ukisema "nimekosa" unakiri umefanya kosa. Ukisema "nimekosa pesa" unasema huna. Dukani pale maana zote mbili zilifanya kazi kwa wakati mmoja. Mimi nilikosa, na yeye akakosa mshahara. Na kitendo hiki hakikubali kusimama bila mwenyewe, lazima useme ni nani. Nimekosa. Umekosa. Amekosa.

Sisemi tuache kabisa neno "bug". Limeshaingia, na hata mimi nitalitamka kesho kabla ya chai ya saa nne. Wala sitaki vijana wanaoanza kazi hii watiwe hofu, maana aliyetishwa huficha, na kosa lililofichwa ndilo baya zaidi. Ninachofanya siku hizi ni kidogo tu. Ninapozungumza na wenzangu wa kazi, "bug" inatosha. Ninapozungumza na mtu aliyeumizwa na programu yangu, aliyepoteza pesa, au muda, au jina lake zuri, ninasema "nimekosa", kisha namweleza nilikosa wapi. Na mtu asiyejua kompyuta akiniambia mashine yangu inahesabu mara mbili, ninaomba kuona daftari lake kabla ya kufungua mdomo.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Bila shaka walikuwa wakimfikiria chawa au kiroboto, na bila shaka walimaanisha mtu wa karibu. Mimi nimelichukua kwa maana yangu. Nondo wa Harvard alitoka nje. Wangu alikuwa ndani ya shati langu tangu mwanzo, na mimi nilikuwa nikimtafuta chini ya meza ya dada wa watu.

Dada, kama ulipo unasoma haya: uliuliza mdudu aliingia vipi, na mimi nikakujibu ovyo. Hakukuwa na mdudu. Nilikosa mimi, na wewe uliliona kosa langu kabla yangu. Samahani sana.

Basi, kwa leo niishie hapo. Tuonane tena.